Mgeni Aliyechangia Mara Saba

Ndugu wa mgonjwa anaambiwa atafute watu wawili. Hivyo ndivyo safari ya damu inavyoanza katika hospitali nyingi za mikoani, na Mpanda, mkoani Katavi, si tofauti. Mama amejifungua na damu imemtoka nyingi, au mtoto ameletwa na malaria, viganja vimepauka, anapumua kwa shida. Shemeji mtu anatoka nje na simu mkononi. Anampigia binamu aliyeko Makanyagio, anampigia bodaboda anayemfahamu pale stendi, anampigia mtu wanayesali naye. Binamu akipatikana anapimwa, anajilaza kitandani dakika chache, anatoa chupa moja, anakunywa soda yake na kurudi kazini. Huyo ameokoa maisha, na hakuna wa kumpunguzia sifa hiyo. Lakini wengi wa aina yake hawaonekani tena mpaka siku ndugu mwingine atakapougua.

Tiba ya damu haiwezi kusimama juu ya binamu peke yake. Inamtaka mtu wa aina nyingine: asiye ndugu, asiyemjua mgonjwa, na ambaye akiitwa mara ya pili anakuja.

Mwaka 1973, jijini New York, alikuwapo mtoto aliyezaliwa bila kinga ya mwili. Kwa mtoto wa hali hiyo, mafua ya kawaida yanaweza kuwa kifo. Tumaini lake lilikuwa kupandikizwa uloto, ile nyama laini nyekundu iliyomo ndani ya mifupa ambamo mwili hutengeneza damu. Katika ukoo wake hakupatikana mtu wa kufanana naye. Madaktari wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering wakatafuta nje ya ukoo, wakavuka bahari, na kupitia benki ya damu ya hospitali ya Rigshospitalet mjini Copenhagen, Denmark, akapatikana mtu. Hakuwa ndugu wa mtoto, wala hawakuwa wa nchi moja.

Uloto wa kwanza haukushika. Wakaomba mwingine kwa mtu yuleyule, nao ukashindwa, wakaomba tena. Mtoto alipandikizwa mara saba. Ni baada ya ile ya saba ndipo uloto wa mgeni ulipokaa sawasawa ndani ya mifupa yake na kuzalisha damu. Huo ndio upandikizaji wa kwanza duniani uliofanikiwa kwa uloto wa mtu asiye ndugu. Historia ya tiba huikumbuka hospitali na mwaka. Anayestahili kukumbukwa kabla ya vyote hivyo ni mtu wa Copenhagen, ambaye baada ya kushindwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, aliendelea kutoa.

Kinachofanya jambo hilo liwezekane ni kwamba uloto hurudi. Mtu akitoa figo, imekwenda. Akitoa uloto, mwili wake huujaza upya katika majuma machache, kama unavyojaza damu. Na hapa kuna woga mmoja unaofaa kuondolewa mapema, maana wengi wakisikia habari hizi hushika mgongo: uloto si uti wa mgongo. Hakuna anayegusa uti wa mgongo. Njia ya zamani ni kumlaza mchangiaji kwa nusu kaputi na kuvuta uloto kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga, upande wa nyuma. Huamka na maumivu ya siku kadhaa, kama mtu aliyeanguka na baiskeli. Njia inayotumika zaidi siku hizi haihitaji hata nusu kaputi. Mchangiaji huchomwa sindano za dawa kwa siku nne au tano, na dawa hiyo huzisukuma seli mama, zile zinazozaa seli nyingine zote za damu, zitoke mifupani na kuingia kwenye mzunguko. Kisha anakaa saa kadhaa, damu ikitoka mkono mmoja, ikipita kwenye mashine inayochuja seli hizo, na kurudi mwilini kwa mkono wa pili. Siku za sindano mifupa huuma, mwili hulegea kama wa mwenye homa. Halafu hupita.

Kwa mtu wa Mpanda, haya yote yanaweza kusikika kama habari za ng'ambo. Zilikuwa hivyo, mpaka juzi. Mwishoni mwa mwaka 2021, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto kwa wagonjwa wa saratani ya damu, kwa kutumia seli za wagonjwa wenyewe. Mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikapiga hatua nyingine: ikaanza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu uitwao pia sikoseli, wakipewa na ndugu zao wa damu. Mtanzania aliyekuwa akisikia kwamba tiba ya kuiondoa kabisa sikoseli iko India au Ulaya, leo anaweza kupanda basi Mpanda, akapita Tabora kwa lami, akafika ilipo hospitali hiyo. Wanaoikumbuka barabara hiyo ya Koga wakati wa masika, magari yakilala kwenye tope siku mbili, wanajua uzito wa sentensi hiyo.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa selimundu. Kila mwaka huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo. Ni ugonjwa ambao seli nyekundu, badala ya kuwa duara na laini, hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mishipa midogo na kuvunjika kabla ya wakati. Mtoto hulia usiku kwa maumivu ya mifupa, macho yake huwa ya njano, damu humwishia mara kwa mara. Utafiti mkubwa wa ugonjwa huo nchini umefanywa Muhimbili, katika mpango ulioongozwa na Profesa Julie Makani, na ujuzi uliopatikana umewafikisha wagonjwa kwenye dawa ya haidroksiurea inayopunguza makali. Dawa hiyo hutuliza ugonjwa bila kuung'oa. Upandikizaji wa uloto ndio unaoung'oa, kwa sababu unabadilisha kiwanda chenyewe cha damu.

Ndipo hesabu ngumu inapoingia. Uloto hautolewi kwa kufuata kundi la damu pekee. Kila mtu hubeba kwenye seli zake alama za kinga, zijulikanazo kitaalamu kama HLA, na mwili huzitumia kumtambua mgeni. Alama zisipolingana, ama mwili wa mgonjwa utaukataa uloto, ama uloto utaushambulia mwili wa mgonjwa. Nusu ya alama hizo mtu huzipata kwa baba, nusu kwa mama. Kwa hiyo ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana na mwenzake. Kwa mtoto wa selimundu hesabu hiyo inapungua tena. Wazazi wake wote wawili wanabeba kinasaba cha ugonjwa, hivyo kila ndugu yake naye ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa mgonjwa, na mgonjwa hawezi kumtibu mgonjwa. Ukizichanganya hesabu hizo mbili, uwezekano wa ndugu mmoja kuwa amelingana na pia kuwa mzima ni chini ya 1 kati ya 5.

Familia za Katavi ni kubwa, na hilo linasaidia. Mtoto mwenye ndugu sita ana bahati kuliko mwenye mmoja. Lakini watoto wa baba mmoja na mama tofauti hawaingii kwenye hesabu hiyo. Na mtoto wa kwanza aliyezaliwa na ugonjwa, hana ndugu bado.

Duniani, jibu la tatizo hilo lilianza na mama. Shirley Nolan, ambaye mwanawe Anthony alikuwa na ugonjwa adimu wa damu, alianzisha London mwaka 1974 orodha ya watu walio tayari kumpa uloto mtu wasiyemjua. Anthony hakupata wa kufanana naye. Alifariki mwaka 1979. Orodha ikabaki na kukua, nchi nyingine zikaunda za kwao, na leo zimeunganishwa zikiwa na majina zaidi ya milioni 40. Kujiandikisha ni kupangusa shavu kwa ndani na kijiti cha pamba. Kisha mtu husubiri, pengine maisha yake yote, bila simu kuita.

Lakini orodha hiyo haiwahudumii watu wote sawa. Nchini Marekani, mgonjwa mzungu ana nafasi 79 kati ya 100 za kumpata aliyelingana naye kikamilifu. Mgonjwa mweusi ana nafasi 29. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba watu weusi walioandikishwa ni wachache. Ya pili ina uzito zaidi kwetu: binadamu ameishi Afrika kwa muda mrefu kuliko kokote, na ndiyo maana Waafrika wana aina nyingi za alama hizo kuliko watu wa bara lolote. Wazungu wawili wasio ndugu hufanana kwa urahisi kuliko Waafrika wawili wasio ndugu. Orodha ya Ulaya, hata ikifika majina milioni 100, huenda isimjibu mtoto wa Inyonga, hapa Katavi.

Uingereza ililiona hilo kupitia kwa kijana Daniel De-Gale, mwenye asili ya Karibiani, aliyepata saratani ya damu akiwa mtoto. Wazazi wake, Beverley De-Gale na Orin Lewis, walianzisha taasisi mwaka 1996 ya kuwahamasisha watu weusi wajiandikishe. Walitafuta miaka. Mwaka 1999 akapatikana mama mmoja wa Marekani, na Daniel akawa mtu mweusi wa kwanza Uingereza kupandikizwa uloto wa mtu asiye ndugu. Aliishi mpaka mwaka 2008. Afrika Kusini imekuwa na orodha yake tangu mwaka 1991, Nigeria tangu mwaka 2012. Upandikizaji wa watoto wetu Dodoma bado unamtegemea ndugu wa damu.

Sasa itazame Katavi. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta 1,152,958. Watu wa mkoa wameongezeka maradufu katika miaka kumi, na hawakuzaliwa wote hapa. Wenyeji ni Wabende, Wapimbwe, Wakonongo. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa Mpanda baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na ikaleta vibarua wa kila kabila. Wasukuma walishuka na ng'ombe wao kutafuta malisho. Wafipa walipanda kutoka kusini, Waha wakaja kutoka Kigoma. Makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo yakawapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na wajukuu wao ni miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania, ambao vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Soko la Mpanda siku ya Jumamosi lina mchanganyiko wa damu ambao orodha yoyote ya uloto duniani ingeutamani. Mtoto wa Kirundi wa Katumba aliyekosa ndugu wa kufanana naye, mtu wake anaweza kuwa mwalimu wa Karema asiyemjua kabisa.

Orodha ya namna hiyo ianzie wapi? Ianzie palepale inapochangwa damu.

Mpango wa Taifa wa Damu Salama uliundwa mwaka 2004 kwa lengo la kuiondoa nchi kwenye utaratibu wa ndugu wa mgonjwa na kuipeleka kwa mchangiaji wa hiari. Kila chupa hupimwa Virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Mchangiaji anayerudi ni salama zaidi, si kwa tabia tu, bali kwa kuwa amepimwa mara nyingi na majibu yake yanajulikana. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba nchi huhitaji kwa mwaka angalau chupa 1 ya damu kwa kila watu 100. Kwa idadi ya sensa, Katavi ingehitaji chupa kama 11,500. Ukizitafuta kwa watu wa chupa moja moja, unahitaji watu 11,500, wengi wao wakiitwa kwa simu huku mgonjwa akiwa kitandani. Mwanamume mwenye afya anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Wanaume 2,900 wanaorudi mara nne kwa mwaka wanaitimiza hesabu hiyo yote. Ni watu wa kujaza kona moja ya uwanja wa mpira.

Nchini, sehemu kubwa ya damu ya hiari hutoka shuleni. Gari la damu salama likiingia kwenye shule yenye kidato cha tano na cha sita, hutoka na makasha yamejaa. Shule zikifungwa, akiba hushuka, na malaria haijui likizo. Vijana hao wa miaka 18 hadi 20 wako hasa katika umri ambao orodha za uloto duniani huutafuta, kwa kuwa seli za kijana hushika vizuri zaidi. Wamekwisha kukunja mikono ya shati. Kinachokosekana ni mtu wa kuwauliza swali la pili: je, uko tayari kuitwa tena, miaka mitano ijayo, kwa ajili ya mtu mmoja tu?

Kuna anayedhani watakataa. Afrika Mashariki ina hofu ya zamani kuhusu damu. Wakati wa ukoloni, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala, watu waliaminishana kwamba wazimamoto na magari yao mekundu huwakamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu. Mumiani, walisema. Masimulizi hayo hayajafa. Hufufuka kila mara wageni wanapokuja kijijini na sindano na makaratasi bila kueleza. Hofu hiyo haikuwa ujinga. Watu waliotozwa kodi na kufanyishwa kazi za shuruti waliijua vizuri hali ya kuchukuliwa bila kuulizwa. Dawa yake ni kinyume cha mumiani: mtu aulizwe mchana kweupe, aelezwe kwa lugha yake, aruhusiwe kusema hapana, na apewe majibu ya vipimo vyake.

Haki ya kusema hapana ina uzito wa pekee katika uloto, hasa ombi linapokuja mara ya pili. Ombi hilo huja kwa sababu kuu mbili. Pengine uloto wa kwanza haukushika, kama ilivyokuwa kwa mtoto wa New York. Pengine saratani imerudi, na madaktari wanaomba seli nyeupe za mchangiaji yuleyule ziende kupigana nayo. Ndiyo maana DKMS, shirika la kuandikisha wachangiaji uloto lililoanzia Ujerumani, humtenga mchangiaji kwa miaka miwili baada ya kuchangia, asiitwe kwa mgonjwa mwingine, ili yule wake akimhitaji tena awepo. Mchangiaji hamjui mgonjwa, majina hufichwa. Hajui kama ni mtoto au mzee. Anajua tu kwamba alichotoa hakikutosha, na anaombwa tena maumivu, siku za kazi, na maelezo kwa mke au mume asiyeelewa.

Anaweza kukataa, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Ila akubali au akatae mapema. Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uloto wake wa zamani ili mpya upate nafasi. Mchangiaji akigeuka baada ya hapo, amemwacha mtu asiye na kiwanda cha damu kabisa. Ahadi ya uloto inapaswa kutolewa na mtu aliyeelewa jambo hilo tangu siku ya kwanza.

Wapo wataalamu watakaosema orodha imepitwa na wakati. Siku hizi mzazi anayelingana nusu na mwanawe anaweza kumchangia, kwa kutumia dawa zinazozuia seli zisigombane. Ni kweli, na kwa watoto wengi wa Tanzania njia hiyo huenda ikafika kwanza. Lakini kwa selimundu, uloto wa nusu umekuwa ukikataliwa mara nyingi kuliko uliolingana, na ukikataliwa, anayehitajika tena ni mchangiaji. Tiba ya kurekebisha vinasaba iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023 ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Familia ya wakulima wa mpunga wa Mpimbwe haiko kwenye mazungumzo hayo.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ni ya Wizara ya Afya, Damu Salama na hospitali zinazopandikiza: watunge utaratibu wa kuwaandikisha wachangiaji uloto wasio ndugu, waanze na watu ambao tayari huchangia damu mara kwa mara, na wasiishie Dar es Salaam na Dodoma. Waje mikoa ya pembezoni mapema, maana baadhi ya alama za watu wa huku huenda zisipatikane kwenye damu ya watu wa kule.

Orodha hiyo bado haipo, lakini kitanda cha kuchangia damu kipo Mpanda leo. Anayetakiwa ana umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema. Wewe uliyemchangia shemeji yako mwaka juzi ukanywa soda ukaondoka, miezi yako mitatu ilikwisha zamani. Rudi.